Jinsi ya kumwelewesha kijana maisha ya mkulima wa Ulaya enzi za ukabaila, bila kumkaririsha

Nafundisha tuisheni ya historia hapa Igoma, Mwanza, vijana wengi ni wa HGL na HGK (michepuo ya historia, jiografia na Kiingereza au Kiswahili), na kila mwaka tukifika kwenye ukabaila wa Ulaya, ule mfumo wa zamani wa mabwana wenye ardhi na wakulima waliowatumikia, hali ni ile ile. Kijana anafungua daftari, sifa za ukabaila zimepangwa moja mpaka saba kwa wino wa rangi mbili, anazitiririsha bila kukosea hata moja, "watwana walinyonywa na mabwana wenye ardhi". Haya, walinyonywaje? Walichukuliwa nini, siku gani, kiasi gani, wakabaki na nini cha kula? Kimya. Na akili anazo kabisa huyo kijana, shida ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpeleka shambani kwa huyo mkulima, amepewa neno tu akaambiwa likariri.

Kuna njia moja nimeona inafanya kazi na ndio naiandika hapa kwa mzazi, kaka, dada au mwalimu mwenzangu mwenye kijana wa kumsaidia, au hata wewe unayejisomea mwenyewe usiku. Mchukue mkulima mmoja, mpe familia, mpe shamba, halafu mfuate mwaka mzima ukihesabu siku zake na debe zake. Basi. Ukimaliza kuhesabu, zile sifa saba kijana atazitoa mwenyewe kichwani, na atakuongezea ya nane ambayo kwenye daftari haikuwepo. Unahitaji kijiti cha kuchorea chini, punje 40 za mahindi, na masaa kama mawili matatu yenye utulivu.

Anza na neno lenyewe

Malizaneni kwanza na neno mtwana maana linachanganya. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani mtwana ni mtumwa wa kiume, mwenzake mjakazi, sasa kijana akilikuta kwenye historia ya Ulaya anafikiria watu wa minyororo wanaouzwa mnadani. Hapana. Mtwana wa Ulaya alifungwa kwenye ardhi. Ana nyumba yake, ana mke na watoto, ana jembe na ng'ombe wake kama amejaliwa, ila haruhusiwi kuhama bila ruhusa ya bwana, na ardhi ikibadilisha mwenye yeye naye anahamia kwa bwana mpya pamoja na ardhi, kama miti iliyosimama shambani.

Na sio kila mkulima alikuwa mtwana, hapo vijana wengi wanapoteza maksi. Mwaka 1086 mfalme William wa Uingereza alifanya hesabu ya nchi nzima, kijiji kwa kijiji, nani ana nini na anadaiwa nini, ikaandikwa kwenye kitabu kinachoitwa Domesday. Ukiangalia vichwa vya familia za vijijini mule, kama asilimia 40 ni wakulima wenye mashamba ya maana lakini waliofungwa kwa bwana, kama theluthi hivi ni watu wa vijumba wenye ekari chache tu, asilimia 10 hivi ni watumwa kabisa, na waliobaki ni watu huru wa aina mbalimbali. Kwa hiyo kijijini kulikuwa na ngazi ngazi. Mwenye ekari 30 alikuwa anamwajiri jirani yake mwenye ekari 3 wakati wa mavuno. Mwambie kijana alishike hilo mapema, kwamba wakulima wenyewe kwa wenyewe hawakuwa sawa.

Chora kijiji chini

Toka nje, tafuta sehemu yenye vumbi, chora. Hapa nyumba zimekusanyika pamoja, hapa kanisa, hapa nyumba kubwa ya bwana, hapa kinu cha maji mtoni, huku malisho ya pamoja, huku msitu. Halafu chora mashamba makubwa matatu yasiyo na uzio. Eneo lote hilo chini ya bwana mmoja ndio kwenye vitabu vyetu linaitwa manori. Bwana anaweza kuwa shujaa wa vita aliyepewa na mfalme, anaweza kuwa askofu au nyumba ya watawa, na hao watawa wengine walikuwa wagumu kuliko mashujaa, tutafika huko.

Kwanini mashamba matatu? Moja linapandwa ngano au shayiri nyeusi kabla ya baridi, la pili linapandwa shayiri, njegere na maharage baridi ikiisha, la tatu linapumzishwa, mifugo inalala humo inaacha samadi. Mwaka unaofuata wanazungusha. Maana yake kila mwaka theluthi ya ardhi haitoi kitu, kumbuka hilo tutakapohesabu.

Sasa gawanya kila shamba vipande virefu vyembamba kama tepe. Mkulima wetu hana shamba moja lililokaa pamoja, ana tepe moja hapa kwenye udongo mzuri, moja kule kwenye mawe, nyingine bondeni panapotuama maji, na katikati yao kuna tepe za majirani, na hata za bwana mwenyewe zinaweza kuwa zimechanganyikana humo humo. Hivyo wanagawana uzuri na ubaya wa ardhi, pakikauka huku unaambulia kule.

Hapo mwulize kijana kwanini tepe iwe ndefu hivyo, kama mita 200 urefu na 20 upana? Hapa vijana wa mjini Kirumba na Nyamagana wanakwama, ila nikiwa na mtoto wa Magu au Kwimba aliyewahi kushika plau anajibu hata sijamaliza, "ticha, kugeuza ng'ombe ndio kazi." Ndio hiyo hiyo! Plau zao zilikuwa nzito, udongo wa kule ni mzito wenye unyevu, zilivutwa na ng'ombe mpaka 8, sasa kugeuza ng'ombe 8 kila baada ya hatua chache utakesha, bora mwende mbele mpaka wachoke ndio mgeuze. Hiyo tepe ya mita 200 kwa 20 ndio ekari. Ekari hii hii tunayopima kwa hatua 70 kwa 70, ilianza kama kipande ambacho plau moja ya ng'ombe inaweza kulima kwa siku moja, Waingereza wakaja nayo huku. Nikiwaambia hivyo naona kabisa macho yanabadilika, maana kumbe kitu cha Ulaya ya miaka 900 iliyopita kiko kwenye hati ya shamba la babu yake.

Na nani alikuwa na ng'ombe 8? Karibu hakuna. Mmoja ana 2, mwingine 1, wanaunganisha. Kwa hiyo hata kulima ni kazi ya kijiji, huwezi kujiamulia unalima lini na unapanda nini, mnakubaliana, kwa sababu mavuno yakiisha mifugo ya wote inaachiwa kwenye shamba zima kula mabua, ukiwa umepanda chako cha peke yako kinaliwa.

Mpe mkulima wako wiki

Tuseme mkulima wetu ana ekari 30, huyo ni mtu mwenye nafuu kijijini. Hizo ekari analipia kwa siku zake. Uingereza karne ya 12 na 13 sehemu nyingi mtwana wa kiwango hiki alidaiwa siku 2 au 3 kila wiki kwenye shamba la bwana, kulima, kupalilia, kubeba samadi, kukarabati uzio, kusomba mizigo kwa mkokoteni. Bila ujira, hiyo ndio kodi yenyewe. Kuna kitu hapa vitabu vingi vinaruka: deni ni la shamba, halikuwa la kila mtu wa nyumbani, familia inatoa mtu mmoja, anaweza kwenda baba, anaweza kwenda kijana mkubwa, mwenye uwezo anamlipa jirani aende badala yake. Ndio maana mwenye watoto wakubwa wa kiume alipumua na mjane alitaabika.

Halafu ikifika mavuno, mwezi wa 8, siku zinaongezeka, juu ya zile za kawaida. Siku hizo bwana anatoa chakula na pombe, mkate, jibini, sehemu nyingine hata nyama au samaki, na wakulima walijua haki yao mpaka aina ya mkate, ikipungua kelele. Lakini piga picha. Wewe una ngano yako imekauka, mawingu yanajikusanya, na leo ni siku ya bwana. Unavuna ya bwana, yako inanyeshewa. Kwa kijana wa kwetu mwambie mpunga umeiva Sengerema, mvua inakuja upande wa ziwani unaiona kabisa inavyotembea juu ya maji, na wewe umeitwa kwenda kuvuna mpunga wa mtu mwingine, huwezi kukataa. Mwache akae nalo hilo dakika moja usiongee.

Sasa mwaga punje mezani

Hii ndio sehemu naipenda kuliko zote na usiiruke hata kama muda umeisha. Mwaga zile punje 40, kila punje tuiite debe moja la nafaka, ni mfano tu wa kuonyesha mgawanyo, maana ekari zake zilitoa debe nyingi kuliko hizo. (Mwambie pia kwamba mahindi yenyewe hawakuwa nayo, yalitoka Amerika baada ya 1492, sawa na viazi, nyanya na mihogo, hata bibi zetu wa kale wa Usukuma walikula mtama na uwele. Mkulima wa Ulaya alikula mkate mweusi, uji mzito wa njegere na kabichi, vitunguu, na kipande cha nguruwe akipata.)

Debe 40 ndio mavuno, ya mashamba mawili tu maana la tatu limepumzika. Alipanda ngapi? Alipanda 10. Ndio, debe moja lilirudisha kama manne tu, mwaka mzuri zaidi kidogo, mwaka mbaya pungufu. Leo ukipanda kilo 10 za mahindi kwenye ekari na ukaitunza unategemea gunia 10, moja kwa mia, ndio maana vijana hawaelewi njaa ya kule ilitoka wapi, wanafikiri tatizo lilikuwa bwana peke yake.

Haya toa. Kanisa linachukua moja ya kumi, punje 4 zinaondoka, na hiyo inachukuliwa kwenye jumla kabla hujatoa gharama. Zimebaki 36. Weka pembeni 10 za mbegu, hizo hazigusiki hata mtoto akilia, ukila mbegu mwakani umekwisha. Zimebaki 26. Sasa unataka kusaga, na huruhusiwi kusaga popote isipokuwa kwenye kinu cha bwana, naye anakata sehemu yake, ilitofautiana, chukulia moja kati ya 16, haya ondoa punje 1 na nusu. Ufaransa hata tanuri la kuokea mkate lilikuwa la bwana na kamulio la zabibu la bwana, kote unalipia. Umebaki na kama 24. Ondoa za kuuza upate pesa ya kodi ndogo ndogo. Zinazobaki ndizo za familia ya watu 5 mpaka mavuno mengine, na pombe humo humo, maana shayiri ndio pombe yao na waliinywa kama kinywaji cha kila siku.

Muache kijana azishike hizo punje zilizobaki mkononi. Mwaka jana binti mmoja alizihesabu tena mara mbili halafu akaniuliza, "Mwalimu, na ile miaka isiyo mizuri?" Nikamwambia toa sasa punje 15 kutoka kwenye 40 za mwanzo uanze upya, zaka bado ni moja ya kumi, mbegu bado ni 10. Alipofika mwisho akanyamaza. Hakuhitaji tena mimi nimweleze neno unyonyaji wala neno umaskini.

Malipo mengine ya kumtajia

Usiyamalize yote, chagua yanayouma. Binti wa mtwana akiolewa, baba anamlipa bwana, zaidi sana akiolewa nje ya kijiji kwa sababu bwana anapoteza mfanyakazi na watoto atakaozaa. Mtwana akifa, bwana anachukua mnyama aliye bora kuliko wote, na mara nyingi paroko naye anachukua anayefuata kwa ubora. Kwa Msukuma hapa huna haja ya kueleza. Msiba uko uani, watu wamekaa chini, na kuna mtu anazunguka zizini anachagua ng'ombe.

Na kuna moja ya watu wa ziwa. Mito na mabwawa vilikuwa vya bwana, kuvua bila ruhusa ni kosa, kuwinda msituni ni kosa. Kwenye kile kitabu cha 1086 vinu na sehemu za kuvulia vingi vililipa kodi kwa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ukimuona kwa mbali utasema kamongo, wanalipwa kwa mamia na maelfu. Vijana wa Mwaloni, kwenye soko la samaki, hawasahau hilo, mtihani ukija wanaandika mikunga.

Usimsahau mwanamke

Vitabu vyetu vinasema "mkulima" na kijana anaona mwanaume. Mke wa mtwana alikuwa anasokota nyuzi muda wote mikono ikiwa mitupu, anafuga kuku na kukamua, anavuna bega kwa bega na mume, na kazi ya kupika pombe ya kuuza kijijini kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake. Tunalijua hilo vizuri kwa sababu wanawake wanatajwa kwenye daftari za mahakama za vijiji, wakitozwa faini kwa pombe iliyopungua kipimo au iliyouzwa kabla haijaonjwa na mkaguzi. Mjane aliweza kushika shamba la mumewe, na deni la zile siku za bwana akalishika pia.

Alikuwa na nini mkononi mwake?

Hapa ndipo somo linapopata uzito, na mwalimu asiyefika hapa amemfundisha kijana nusu. Mtwana hakuwa mtu wa kukaa tu apigwe. Alikuwa na desturi. Kila manori ilikuwa na baraza lake la mahakama, linakaa kila baada ya wiki kadhaa, wakulima wenyewe ndio wanaotoa ushahidi wa "siku zote hapa kwetu inakuwa hivi", na bwana akitaka siku ya nne au kodi mpya wanasimama na desturi. Kwa sheria ya mfalme mtwana hakuweza kumshitaki bwana wake juu ya shamba, lakini ndani ya kijiji desturi ilikuwa ukuta. Kuanzia karne ya 13 mabaraza hayo yaliandikwa kwenye ngozi na nyingi zipo mpaka leo, ndio zinatuambia nani alipigana na nani, ng'ombe wa nani aliingia kwenye ngano ya nani.

Hata nyapara wa shamba la bwana kwa kawaida alikuwa mtwana mwenzao, mara nyingi walimchagua wenyewe, na kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa 9 anatoa hesabu kwa bwana. Pia walikuwa na haki ya malisho ya pamoja, kuokota kuni, na sikukuu za kanisa za kutosha kwa mwaka ambazo hakuna kazi. Na mtoro akifika kwenye mji wenye hati yake akakaa mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, miji mingi ilimhesabu huru.

Halafu kuna hili jibu la kila daftari, kwamba bwana alitoa ulinzi na mkulima akatoa kazi, wakabadilishana. Maaskofu wenyewe walilihubiri, Adalbero wa Laon kule Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika kwamba jamii ni watu wa aina tatu, wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi, na kila mmoja anamtegemea mwenzake. Kijana aliandike, ni la kweli kwamba waliamini hivyo. Ila mimi huwa nawaambia wangu waongeze sentensi moja: aliyezaliwa ndani ya hayo makubaliano hakuulizwa, na vita alizolindwa nazo nyingi zilikuwa za mabwana hao hao wakichomeana vijiji.

Linganisha na kwetu, ila taratibu

Kijana atakuambia hii si ni nyarubanja! Kweli inafanana, ukipanda meli ya Bukoba ukafika Buhaya, mkama, yaani mfalme wa huko, aliwapa watu wake mashamba ya migomba na waliokuwa wanaishi humo wakageuka wapangaji, wanatoa sehemu ya mazao na kazi, na ilikuja kufutwa kwa sheria miaka ya 1960 baada ya uhuru. Mwache alinganishe.

Usukuma lakini ni tofauti na aone tofauti yenyewe. Watu walimlimia mtemi na kumpelekea nafaka, sawa, lakini ardhi ilikuwa tele, mtemi akizidisha ukorofi watu wanafunga mizigo wanahamia kwa mtemi mwingine, na mtemi bila watu ni nani? Utemi ulifutwa 1963. Hapo mwulize kijana swali moja tu: kama mtu wa Usukuma alikuwa anaweza kuhama na wa Uingereza hawezi, ingetokea nini siku ardhi ya Uingereza ikawa nyingi na watu wakawa wachache? Usimjibu. Jibu linakuja lenyewe kwenye sehemu inayofuata.

Onyesha ulivyovunjika

Mwaka 1315 mvua ilinyesha Ulaya kaskazini bila kukoma, ngano ikaoza, 1316 hivyo hivyo, watu wakala mbegu. Anayekaa karibu na maji hapa anakumbuka 2020 ziwa lilivyopanda likaingia kwenye nyumba, sasa fikiria miaka miwili mitatu mfululizo na mavuno yenyewe ni moja kwa manne. Watu walikuwa wengi mno kwenye ardhi ile ile na bwana alikuwa na nguvu, ukikataa masharti yuko mwingine mlangoni.

1348 tauni ikaingia Uingereza. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi imeondoka na kati ya theluthi na nusu ya watu. Hilo ndio jibu la swali la mtemi: tepe zimebaki tupu, wakulima wachache, na kila bwana anamtaka mkulima. Mtwana anatoka usiku anaenda kijiji cha pili analipwa pesa taslimu hakuna anayemuuliza alizaliwa wapi. Mabwana wakakimbilia bungeni, 1351 ikatoka sheria kwamba mishahara irudi kama ilivyokuwa 1346, kabla ya tauni. Juu yake ikaja kodi ya kichwa, mara tatu ndani ya miaka michache, ile ya tatu ilikuwa shilingi moja kwa kila mtu aliyezidi miaka 15.

1381 wakulima wa Essex na Kent wakainuka. Wat Tyler anaongoza, kasisi John Ball anahubiri, ule msemo wake kwamba Adamu alipokuwa analima na Hawa anasokota nyuzi, bwana mkubwa alikuwa nani? Waliingia London, mfalme Richard wa Pili alikuwa na miaka 14 tu, akawaahidi uhuru, Tyler akauawa mbele yake tarehe 15 mwezi wa 6, na ahadi zote zikafutwa. Sehemu nyingi walikopita walichoma zile daftari za ngozi za mabaraza, kwa sababu humo ndimo ilimoandikwa kwamba wao ni watwana.

Ila kisa ninachokaa nacho sana ni cha mji wa St Albans. Pale bwana alikuwa nyumba ya watawa, na watu walilazimishwa kusaga kwenye vinu vya watawa. Wao walikuwa na mawe yao ya kusagia nyumbani. Mkuu wa watawa miaka ya 1330 akayakusanya mawe yote, akayafanya sakafu ya sebule yake. Kila mwenye shida anayeingia kumuona anakanyaga jiwe la mama yake. Miaka 50 ikapita. 1381 watu wakaingia, wakaing'oa ile sakafu, wakayavunja mawe vipande vipande wakagawana, kila mtu akaenda na kipande chake nyumbani. Baada ya maasi kuzimwa ni pale pale St Albans John Ball alinyongwa.

Nikisimulia hapa nakuja na kipande cha jiwe la kusagia la bibi yangu, liliachwa nyuma ya nyumba Misungwi baada ya mashine ya kusaga kufika kijijini, limelika katikati mpaka limekuwa kama bakuli. Linapita mkono kwa mkono. Kama kwenu lipo, lete.

Maasi yalishindwa lakini kamba ilikuwa imeshalegea, miaka iliyofuata siku za bwana zikageuka kodi ya pesa, na utwana Uingereza ukafifia wenyewe karne ya 15 bila sheria moja ya kuufuta. Mwambie kijana asiseme "Ulaya", aseme wapi. Ufaransa haki za kikabaila zilifutwa usiku wa tarehe 4 mwezi wa 8 mwaka 1789. Mashariki, Prussia, Poland na Urusi, mabwana walikaza badala ya kulegeza, wakulima wakafungwa zaidi baada ya 1500, na Urusi ikawaachia mwaka 1861 tu.

Namna ya kuandika jibu

Swali likija "eleza nafasi ya wakulima", asianze na sifa. Aanze na ekari, siku na debe, aya moja. Aya ya pili malipo mengine, na kila hoja iwe na kitu kimoja kinachoshikika, ng'ombe wa msiba, mikunga, kinu. Ya tatu desturi na baraza, wengi hawaiandiki. Ya nne tofauti za wakulima wenyewe kwa wenyewe. Halafu tauni na 1381, na amalizie kwa kusema nchi gani ilifuata njia gani. Miaka aandike ile aliyo na uhakika nayo tu.

Kabla hajaondoka mwambie afunge daftari, mpe karatasi moja na nusu saa, aandike wiki ya mkulima wake, Jumatatu mpaka Jumapili, mwezi wa 8. Usimsahihishe Kiswahili wala Kiingereza siku hiyo. Angalia tu kama zile siku za bwana amezihesabu, na kama mvua ameiweka.